Mbwa Asiye na Kazi

Niliponunua mbwa wa kubebwa mkononi, mtaa wetu hapa Bariadi ulitaka nitoe sababu. Sikuwa nayo, na sikuitafuta. Nilikuwa nimemwona mmoja Mwanza, kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu, amekaa mapajani mwa bibi mmoja, masikio yamesimama, anatazama watu wakicheza. Wanaita chiwawa. Nikaomba kumshika. Alikuwa mwepesi kuliko kuku. Nilihisi moyo wake ukidunda kwenye kiganja changu, na hapo hapo nikajua namtaka wa kwangu.

Ni hivyo tu. Nasema mapema ili msomaji asikae akisubiri siri.

Nimezaliwa Kasoli, kwenye nyumba ya pamba na ng'ombe. Kwetu kila kilichopumua kilikuwa na kazi. Ng'ombe walikuwa akiba, paka alikuwa wa panya, mbwa walikuwa wa zizi. Mbwa wetu hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Walikula ukoko wa ugali, na wakizeeka hakuna aliyejali wanaumwa wapi. Sisi wasichana tulipalilia, tukachuma pamba mpaka vidole vikachanwa na maganda makavu, na tulipokua tukaolewa, ng'ombe wakaingia zizini. Niliolewa, nikazaa mabinti wawili, nikajifunza kushona, nikafungua chumba cha cherehani mjini. Mume wangu akafariki, mabinti wakaolewa mbali, mimi nikaendelea kushona sare za shule, magauni ya kipaimara na mashati ya kwaya. Nikafika umri wa kuitwa bibi bila kununua hata siku moja kitu ambacho hakina kazi.

Mtu wa kwanza kuniuzia, au tuseme kutaka kuniuzia, alinitumia picha kwenye simu. Mbwa alikuwa ameketishwa ndani ya kikombe cha chai.

"Huyu ni wa kikombe, mama," akaniambia. "Hakui zaidi ya hapo. Nakuwekea kwenye boksi, nampa kondakta, kesho unampokea stendi."

"Ana umri gani?"

"Ameshakomaa huyo."

"Mama yake naweza kumwona?"

"Mama yake yuko nje ya nchi."

Nikakata simu. Mtu anayeweza kumtuma kiumbe ndani ya boksi kama vipuri vya pikipiki anaweza kunitumia chochote. Nikamtafuta yule bibi wa harusini, naye akanielekeza kwa mwanamke aliyempatia mbwa wake, nesi mstaafu anayefuga hao chiwawa nyumbani kwake Mwanza, juu kwenye mtaa wa mawe. Nilipompigia hakutaja bei. Alisema tu, "Njoo uone kwanza. Usije kununua, njoo uone."

Nilikwenda kununua. Nilivaa vitenge vyangu vizuri, nikapanda basi la asubuhi. Akanikaribisha sebuleni, akaniletea chai, kisha akaanza kunihoji. Nyumba ina uzio? Mbwa wa majirani wamefungwa au wanazurura? Nikienda msibani nani atabaki naye? Kuna watoto wadogo watakaombeba na kumwangusha? Nitamlaza ndani au nje? Siku nilipoposwa sikuulizwa maswali mengi hivyo, na aliyeniposa hakuulizwa hata moja. Nilijibu, lakini nilikuwa naanza kuchemka.

Kisha akanipeleka chumba cha pili. Mama mtu alikuwa amelala kwenye godoro dogo karibu na dirisha, watoto wake wamejipanga tumboni mwake. Pembeni alikuwepo mmoja mdogo kuliko wenzake wote, kama kiganja cha mtoto.

"Huyo," nikasema. "Nampenda huyo."

"Huyo siuzi."

"Hela ninayo."

"Najua unayo. Huyo si mdogo kwa uzuri, mama, ni dhaifu. Shika hapa utosini, taratibu. Unasikia? Haujafunga. Kunyonya namsaidia mimi. Wapo wanaouza wa namna hii kwa bei kubwa kuliko wazima, wanawaita wa kikombe, na wengi wanakufa mikononi mwa waliowanunua. Huyu akiishi, ataishi hapa kwangu."

Nikamwonyesha mwingine, jike la rangi ya kahawia lililokuwa linamkanyaga ndugu yake kichwani ili lipate ziwa.

"Huyo sawa. Lakini humchukui leo. Bado ananyonya. Rudi nyumbani, ongea na daktari wa mifugo wa kwenu, umsikie kama yuko tayari kumtibu. Halafu nipigie."

Nikaondoka bila mbwa. Nilikuwa na hasira mpaka Lamadi, ambako abiria walishuka kununua samaki, mimi nikabaki kwenye kiti nikijisemesha. Nani anakataa hela ya mtu mzima? Basi lilipoondoka tena, hasira ilikuwa imenituliza akili badala ya kuivuruga. Yule mwanamke alikuwa mbishi kwa ajili ya kitu kinachoenea kiganjani, na hakuona haya. Mimi pia nilitaka kuwa hivyo.

Daktari wa mifugo alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama, sindano zangu ni za madume ya ng'ombe." Nilimsubiri amalize. Alipoona sicheki, akakohoa, akasema atatafuta sindano ndogo na chanjo ya kichaa cha mbwa ataichoma mwenyewe. Nikampigia nesi. Akanitaka niwashe video nizunguke na simu nyumba nzima, chumba kwa chumba, hadi uani. "Simama hapo getini," akasema. "Chini hapo ana uwezo wa kupita." Nikamwita fundi akaziba kwa bati.

Siku ya kumchukua, nesi alinikabidhi kadi ya chanjo, chakula alichozoea, na kipande cha blanketi chenye harufu ya mama yake. Akanifundisha jambo ambalo sikulijua: mbwa wadogo hivi wakikaa na njaa, sukari mwilini hushuka ghafla. "Ukimwona analegea, anayumba, mpake asali kwenye ufizi, mpashe joto mwilini mwako, ndipo umkimbize kwa daktari. Usianze kutafuta viatu kabla ya asali." Mwisho akanishika mkono. "Ukishindwa, unamrudisha kwangu. Humuuzi, humgawi."

"Sitashindwa."

"Wote wanasema hivyo," akajibu, lakini mkono hakuuachia haraka.

Mtaani kwetu walianza na kicheko. Panya gani huyo? Umenunua mbwa au sampuli ya mbwa? Kisha wakataka bei. Kila aliyeingia kushonesha aliuliza bei ya mbwa kabla ya bei ya gauni. Sikumwambia mtu, na hata hapa siiandiki. Mtu mmoja tu hakuuliza: mzee mwenye duka la jumla jirani yangu, Mwislamu, mtu wa adabu tangu nimfahamu. Alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Mama, unajua dini yangu. Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Simchukii, lakini asiingie dukani kwangu."

"Hataingia, mzee wangu." Siku hiyo hiyo nikaweka kigeti cha mbao mlangoni, na mpaka leo mbwa hajaingia kwake.

Baadaye kicheko kikageuka minong'ono. Wakasema ni ndagu, kwamba nimekwenda kwa mganga kutafuta utajiri na kale kambwa ndiko masharti yenyewe, ndiyo maana nakalaza ndani. Mteja mmoja alilisema hilo dukani kwa yule mzee, naye akamjibu kwa sauti niliyoisikia hadi kwenye cherehani: "Ndagu gani hiyo? Mbona fundi bado anakanyaga cherehani ile ile?"

Lakini maneno yalishafika Kasoli. Jumapili moja alasiri kaka yangu mkubwa akaja, amefuatana na mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwetu, ambaye kaka alikuwa amempitia njiani. Nikajua ni kikao. Tukasalimiana Kisukuma, mwadila na mhola, nikawapa soda, nikabandika kuku jikoni. Mbwa alikuwa amejificha chini ya kochi. Wageni walimtisha, na tangu asubuhi alikuwa amekataa chakula.

"Mdogo wangu," kaka akaanza, "tumesikia mambo. Ukoo unachekwa. Mwanamke wa umri wako anambeba mbwa kama mtoto. Watu wanasema ni uchawi, na wasiosema uchawi wanasema umechanganyikiwa. Mtoe."

"Nimtoe wapi?"

"Popote. Hela hiyo ungenunua ndama."

Nilikuwa nafungua mdomo nilipomwona anatoka chini ya kochi. Alitembea upande upande, miguu ya nyuma ikamkunjika, akaanguka kwenye zulia. Nilipomwinua alining'inia kama soksi yenye maji.

"Mwache afe," kaka akasema, wala si kwa ukali, alisema kama anavyosema juu ya mbwa yeyote. "Shauri limekwisha lenyewe."

Nilikwenda jikoni nikichukua hatua ambazo sizikumbuki. Nilikuwa na chupa ya asali ya Bukundi. Nikachovya kidole, nikampaka kwenye ufizi, juu na chini, nikamwingiza ndani ya blauzi, ngozi kwa ngozi, nikarudi sebuleni nikaketi mbele yao hivyo hivyo. Mwenyekiti akatazama pembeni. Kuku alianza kunukia kuungua na sikuinuka. Nilikuwa nasikiliza ule moyo, unadunda na kukatika, unadunda na kukatika. Nikampaka tena. Kisha ulimi wake ukanigusa, mara moja, halafu mara nyingi, akitafuta asali.

"Asante Yesu," mwenyekiti akasema kwa sauti, halafu akaziba mdomo kwa kanga.

Nikasimama kumpeleka kwa daktari. Mwenyekiti akanishika mkono. Alikuwa mwanamke mwema, na alichosema alikisema kwa wema. "Mayu, mama yangu, sikiliza. Tangu mumeo afariki nyumba hii imekuwa kimya. Mabinti wako mbali. Mwambie kaka yako ni upweke. Sema tu hivyo, sote tutaelewa, na maneno yataisha."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Nikaona wamekubaliana tangu njiani: mlango waliokuwa wameniachia wazi ulikuwa huo mmoja. Ningepita hapo, ningesamehewa.

"Sina upweke," nikasema. "Nina wateja, nina kwaya, nina usingizi mzuri. Mume wangu nilimlilia, nikamaliza. Huyu nilimtaka. Nilimwona, nikamtaka, nikafanya kazi, nikamnunua."

"Kwa kazi gani?" kaka akauliza. "Huyu anafanya kazi gani?"

"Hana kazi."

"Basi ni upuuzi."

"Kaka, wewe ulioa kwa ng'ombe wa mahari yangu. Sikuwahi kukuuliza walikufaa nini. Nyumba hii nimeijenga kwa miguu yangu miwili kwenye cherehani. Ndani yake nitafuga kinachonipendeza. Sasa nipisheni, nampeleka kwa daktari. Kuku yuko jikoni, ameungua upande mmoja."

Nikatoka. Daktari alimdunga dawa kwa sindano ndogo aliyokuwa ameinunua kwa ajili yake, na safari hii hakucheka. Niliporudi, wageni walikuwa wameondoka. Kuku walikuwa wamemla, hata ule upande ulioungua.

Kaka akaacha kunipigia simu. Kwenye vikao vya ukoo, nilisikia, alinitaja kama "yule wa mbwa." Kisha mke wake akaja mjini peke yake, na kitambaa cha gauni mkononi. Nikampima. Akabaki ameketi. Nikamaliza kukata, bado ameketi.

"Wifi," akasema mwishowe, "naweza kumshika?"

Nikampa. Alimshika kama mtu aliyepewa yai la moto, kisha mabega yakashuka, na mbwa akajikunja kwenye mapaja yake akalala. Mikono ya wifi yangu imepasuka kwa jembe. Hakumpapasa, aliiweka tu mikono juu yake. Alikaa hivyo mpaka jua likahama mlangoni.

"Kaka yako anasema Krismasi uje, ila bila huyu."

"Mwambie basi sitakuja."

"Nitamwambia," akasema, wala hakuinuka.

Krismasi ile sikwenda. Walichinja bila mimi. Nilisikitika, sitadanganya, maana nyama ya Kasoli ni nyama ya kwetu na wajukuu wa kaka ni wajukuu wangu. Nilipika pilau langu, nikampelekea mzee wa duka sahani, nikakaa kibarazani mbwa akiwa mapajani, watu wakipita na kutazama. Nilimwitikia kila aliyesalimia.

Ijumaa Kuu simu iliita. Alikuwa kaka.

"Pasaka unakuja au huji?"

"Tunakuja," nikasema.

Nilisikia ng'ombe nyuma yake wakirudi zizini, na mtu akiwapigia mluzi.

"Mbwa wa hapa ni wakali," akasema. "Ukishuka, umshike juu."