Nilideki nyumba kwa rubisi siku ya jumuiya

Jamani, leo tumesali katika nyumba inayonuka kama kilabu cha pombe, na nyumba yenyewe ni yangu!

Ilikuwa zamu yangu kupokea sala ya jumuiya. Mwenyekiti ni mimi, tena ndimi ninayewasema walevi kila wiki.

Nikaamka nisafishe nyumba kwa vitu vya asili, maana sabuni za dukani hunikohoza.

Masufuria nikayasugua kwa majivu, yakang'aa. Meza nikaipaka limau, harufu ya samaki ikakimbia.

Sakafu ndiyo iliyoniponza.

Nilisikia siki hutoa madoa. Siki sina, ila shemeji aliacha dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikachacha. Nikajiambia, si ndiyo siki hii? Nikadeki mpaka chumbani.

Madoa yalitoka. Harufu ikabaki!

Nikatandaza nyasi mbichi kama tunavyopokea wageni. Wapi! Jua lilipopiga bati, ikazidi.

Mama Koku akaingia, akanusa. "Mwenyekiti, leo tunasali au tunaonja?"

Nilitamani kujifunika zile nyasi.

Mara, "Hodi!" Ni jirani yangu Ta Rwego, mnywaji niliyemwalika miaka na miaka asije.

"Karibu, baba. Leo umekuja?"

"Nimesikia wito, mama."

Akakaa rozari nzima! Hata kikombe hakuomba. Akiondoka akauliza, "Wiki ijayo ni kwa nani? Mwambie naye adeki."

Sasa nishaurini, wapendwa: nikaungame kwa padre, au nimwombe shemeji dumu jingine?