Wenye Cherehani Moja

Ni Alhamisi asubuhi, na kabla hajagusa uzi, Mama Kola anasukuma kiti nyuma.

"Mwenzangu mfupi jamani! Kila Alhamisi magoti yangu yanabanwa hapa," anamwambia mwandishi wa gazeti.

Anafungua droo. Bobini zimejazwa uzi tayari, na pembeni kuna peremende moja aliyoachiwa na mwenzake. Anaitia mdomoni, kazi inaanza.

Ni mwaka wa kumi na tisa anashona kola katika kiwanda hiki cha mashati, hadi jina lake halisi limesahaulika. Mwaka jana oda zilipopungua, meneja aliwaita wafanyakazi wote uani. Ama nusu yao waachishwe kazi, ama wote wabaki kwa nusu wiki na nusu mshahara. Wakanyoosha mikono: tubaki wote.

Tangu hapo kila cherehani ina wenyewe wawili. Mama Pacha anaishona Jumatatu hadi Jumatano, Mama Kola anaipokea Alhamisi. Hawaonani kabisa.

"Nusu mshahara si mchezo, mwanangu. Nyama tunaisikia kwa jirani. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili."

Sasa oda zinarudi kidogo kidogo. Wiki iliyopita meneja alimwita ofisini: cherehani hiyo inataka mtu mmoja, wiki nzima, mshahara kamili. Akikubali ni yake, na Mama Pacha aende zake.

"Nilitamani, nisikudanganye. Binti yangu yuko nyumbani kwa kukosa ada. Lakini yule ana pacha wananyonya! Chakula hicho kingepita wapi kooni? Nikakataa."

Mwenzake hajui. "Wewe andika tu. Yule hasomi gazeti, anasoma simu."

Jumatatu iliyofuata, Mama Pacha yuko kwenye cherehani ileile. Mwandishi anamuuliza anaishije na mwenzake wa zamu. Anatazama mlango wa ofisi, kisha anashusha sauti.

"Mwezi uliopita meneja alitaka kunipa wiki nzima. Eti mimi mkono wangu mwepesi, yule anazeeka. Anazeeka! Aliyenifundisha kushika mkasi ni nani? Nikamwambia bosi, huyo hatoki hapa kwa ajili yangu."

Anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa, halafu anacheka.

"Naomba Mungu oda zijae, turudishwe wote wawili wiki nzima. Nimemkumbuka yule mama, wallahi."