Paa la Ghala la Ngozi, Kiwanjani

Nakumbuka, mwanangu, siku moja miaka ya sabini ikielekea ukingoni, upepo ulipoangusha paa la ghala la ngozi pale Kiwanjani. Fremu yake ya chuma niliichomelea mimi, kijana wa ndevu changa. Mlinzi wa ghala, Lokwang, akavunjika mguu.

Vumbi halijatulia, nikawa nimeshahukumiwa. "Ni kazi mbovu ya Ekiru!" Lisemwalo lipo, wakasema, na wengine walikuwa wameshaokota mawe.

Akaja kuchunguza Mzee Mwirigi, injinia kutoka Meru, mtu asiye na papara. Mwenyekiti wa ghala akamwambia, "Mwenye makosa ndiye huyu. Andika tu, tumalize."

"Ngoja kwanza nione chuma."

Akatambaa chini ya vyuma vilivyopindana, jua kali hivyo, akivipangusa kwa leso yake. Akaniita. "Kijana, ulipochomelea pameshika. Chuma kimepinda pembeni, kiungo hakijaachia."

Kisha akaenda mlangoni, akatia kidole kwenye matundu ya boliti. "Haya bado ni ya mviringo. Upepo ungeng'oa boliti, yangechanika. Hapa palikuwa na vyuma vya mshazari vya kuzuia fremu isiyumbe. Vilifunguliwa kwa spana. Nani alivitoa?"

Mwenyekiti akainama. "Ni mimi, mzee. Lori zilikuwa haziingii."

Damu ilinichemka, mwanangu! Nikamwendea na ngumi. Mzee Mwirigi akanishika mkono.

"Ekiru, nimekuja kutafuta kilichoangusha paa, si mtu wa kuangusha. Huyu amesema kweli mbele ya watu. Wewe ungeweza?"

Nikashusha ngumi. Paa tulilijenga upya, mwenyekiti mwenyewe akinishikia vyuma. Na Lokwang, mpaka alipotembea tena, maziwa yake yalitoka nyumbani kwa mwenyekiti.

Mama yenu nilimwoa kwa kazi hiyohiyo ya kuchomelea, nanyi mkasoma kwa kazi hiyohiyo. Mzee Mwirigi alipostaafu nilimfuata Meru na mbuzi, nikamwambia asante. Alicheka tu. Nafurahi nilisema angali anasikia.

Basi, mwanangu, jambo likiharibika, katazame kabla hujanyoosha kidole, maana haraka haraka haina baraka. Ukimpata mkosaji, mwachie njia ya kurudi kwa watu. Na aliyekutetea, mshukuru mapema.

Mungu akupe macho yenye subira. Na siku utakaposingiziwa, akuletee mtu mmoja wa kusema, "Ngoja kwanza."