Redio Nje ya Mlango

Nyumbani walimwita Redio, wala hakuwahi kulikataa jina hilo. Alianza na cherehani moja sebuleni kwa mama yake, akaishia na karakana ya sare za shule yenye mafundi thelathini, na kote huko alifikishwa na mdomo wake. Basi alipoitwa nchi ya watu kuwanoa wanaoanzisha kampuni, hakutetereka hata kidogo. Alifunga mizigo kama mtu anayekwenda kuchukua chake.

Na kazi aliiweza, tusimnyime haki yake. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu: meza ndefu, ubao mweupe, na mashine ya kahawa iliyonguruma kuliko ilivyotoa kahawa. Ukiingia na wazo lako bichi, hujafungua kinywa vizuri, Redio keshakumalizia sentensi yako, tena vizuri kuliko wewe. Alifuta kurasa za watu akaandika zake. Watu walitoka humo wamekariri mpaka nukta.

Balaa likaja siku ya vijana wawili waliokuwa wakiwaunganisha mafundi bomba na wateja. Walisimama mbele ya majaji wanaochagua kampuni za kufadhiliwa, wakatiririka hadi raha. Jaji mmoja akauliza kitu chepesi tu: fundi akiharibu, nani anarudia kazi? Lo! Wote wawili wakageuka kumtazama Redio, aliyekaa mstari wa mbele. Naye, jamani, midomo ikaanza kuchezacheza yenyewe kuwapa jibu.

"Mama," jaji akamwambia, "njoo basi usimame huku. Naona kampuni ni yako."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Vijana wakakosa nafasi, na Redio akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni akampigia simu mdogo wake, akitafuta wa kumpoza. Aligonga mwamba.

"Dada, nikwambie kweli?" mdogo mtu akasema. "Mimi hesabu nilizijua mwaka ule ulipoolewa ukaondoka nyumbani."

"We! Mimi niliyekuwa nakufundisha kila siku?"

"Ulikuwa unanifanyia. Kwenye mtihani niliingia peke yangu."

Redio alikata simu kwa hasira. Hasira iliisha baada ya siku mbili, maneno yakabaki.

Kisha ikaja zamu ya nesi. Huyu alikuwa mtu mzima, miaka kumi na minane wodini, aliyebuni kikasha cha kuwakumbusha wagonjwa dawa: kinalia, kisha kinaonyesha kwa maandishi umeze kidonge kipi. Alikuwa anakwenda mbele ya bodi ya hospitali kubwa. Wakimkataa, likizo yake imekwisha, Jumatatu anarudi wodini na kikasha kinalala kabatini moja kwa moja. Redio alilijua hilo, na ndiyo maana mdomo ulimwasha kuliko siku zote.

Siku ilipofika, mlangoni pa chumba cha bodi akasimama. "Mimi nabaki nje."

Nesi akatoa macho. "Nje? Leo? Dada, usinifanyie hivyo!"

"Kikasha ni chako. Haya, ingia."

Alikaa kwenye benchi ukutani. Akasikia sauti ya nesi, akasikia swali, kisha kimya. Kimya kirefu, cha kukera. Jibu alikuwa nalo Redio, limemjaa mdomoni tele. Akainuka, akashika kitasa. Akakiachia. Akarudi kukaa, akaikalia mikono yake yote miwili.

Nusu saa baadaye nesi akatoka, jasho linamtiririka.

"Waliniuliza kuhusu wagonjwa wasiojua kusoma. Nikakutafuta kwa macho, hupo! Basi nikawaambia ukweli, kwamba hao hatujawajaribu, na jambo hilo linaninyima raha."

Redio akainuka kwenye benchi. "Mungu wangu. Wakasemaje?"

"Mwenyekiti akasema wiki nzima anaambiwa kila kitu kiko tayari, amechoka. Wametupa wodi mbili za majaribio, dada! Tuanze na hao hao wasiosoma."

Redio akamrukia, wakakumbatiana, wakacheka mpaka karani akachungulia kutoka ofisini kwake. Halafu Redio akajitoa polepole.

"Ukurasa wa wagonjwa hao niliufuta mimi," akasema. "Nilisema unatutia doa."

"Najua," nesi akamjibu, bado amemshika mkono. "Ungekuwa mle ndani, nisingethubutu kusema."