Ntumba za Baba na Kamera Kubwa

Mdogo wangu Teodori ni mpiga picha hapa Katandala, na kama umewahi kupiga picha ya pasipoti mjini Sumbawanga ukakemewa kwa kupindisha shingo, basi unamfahamu. Harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, zote anapiga. Lakini hizo ni za kumpatia ugali. Moyo wake uko vilimani. Tangu aliponunua kamera yake ya DSLR, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza anapanda bodaboda na tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, mgongoni, anakwenda kusimama juu ya milima ya Mbizi au ukingoni mwa bonde la Rukwa, anasubiri wingu lisogee. Wateja hana. Nani anunue picha ya kilima anachokiona bure akifungua mlango? Mimi ni dada yake mkubwa, Herieth. Nimemcheka sana kwa hilo, na sasa sicheki.

Baba yetu, mzee Fransisko, alikuwa mkulima wa kijiji cha Msanzi. Mwaka jana, akiwa na miaka sabini na sita, alilima ntumba peke yake kwenye mteremko wote ulio nyuma ya nyumba. Mfipa hahitaji kuelezwa, lakini kwa mgeni nitasema: unakusanya majani, unayafunika kwa udongo, kichuguu cha duara hapa, kingine pembeni yake, mpaka mteremko mzima unajaa. Majani yanaoza humo kiangazi chote. Baba alimaliza ntumba ya mwisho siku chache kabla ya Pasaka, akarudi nyumbani, akanawa mikono, na kiharusi kikamwangusha mlangoni.

Tulimleta kwangu Katandala. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito, na akili yake ikasimama palepale alipoangukia. Kila asubuhi aliniuliza kama Pasaka imefika. Mwezi wa sita, Teodori alipokuja kumwamkia, baba alimshika kwa ule mkono mzima.

"Teodori, nipigie picha shamba langu. Iwe kubwa. Ibandike hapo ukutani niione kabla sijafa."

Kumpeleka mwenyewe hatukuweza. Daktari alishakataa, na siku tuliyomleta mjini alilia kila gari lilipoingia shimoni. Maisha yake yote hakuwahi kutuomba kitu. Sasa aliomba kuona kazi yake ya mwisho, basi.

Anga lilikuwa safi, ntumba zimesimama, kamera iko studio. Msanzi unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ningekuwa mimi, ningeondoka kesho yake.

Teodori alikataa katakata kuipiga kwa DSLR. Mwaka mmoja kabla, rafiki yake Edwin, anayepiga picha za kalenda Dar es Salaam, alipita huku na kamera wanayoiita midiamu fomati, wakaenda nayo Mbizi. Teodori aliikuza ile picha kwenye kompyuta, akaikuza tena, na bado majani ya mti wa mbali yakahesabika. Alirudi akiitazama kamera yake kama mtu aliyeona mke wa jirani. Tangu siku hiyo akawa anaiita "ya harusi."

"Dada, huelewi," aliniambia jikoni. "Sensa ya ile, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa karibu mara mbili ya hii yangu. Mteremko wa baba asubuhi una jua huku na kivuli huku. Hii nikiokoa anga, vivuli vinakuwa masizi matupu. Ile inashika vyote. Baba ataona kila ntumba."

"Edwin anakuja lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Na baba naye ameahidi kufika mwezi wa tisa?"

"Subira huvuta heri, dada."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Usiache mbachao kwa msala upitao, Teodori. Piga kwa hiyo sasa, Edwin akija utapiga nyingine."

Akainamisha kichwa. "Nikimletea mbovu ataipokea na kunishukuru. Sitaki baba anishukuru kwa kitu kibovu."

Nilimkasirikia. Alimpenda baba kuliko sisi wote, na ndiyo maana alichelewa.

Edwin alikuja mwezi wa tisa kama alivyosema. Na mwezi wa tisa, nani asiyejua, Ufipa yote inaungua. Moto wa nyika kila upande, moshi umelala mabondeni, kilima cha jirani hukioni. Kamera kubwa ilipiga ule moshi vizuri sana. Edwin alikuwa na kazi ya muda mrefu ziwani, upande wa Kabwe, na huko alitaka kamera yake ndogo tu, basi akakubali kumwachia Teodori ile kubwa.

"Mvua ya kwanza ikinyesha, hewa itaoshwa," Teodori alimwambia mbele yangu. "Asubuhi ya kesho yake ndiyo napiga."

Wapiga picha wa vilima wote hungoja hivyo, nasikia. Mimi nilikuwa namimina uji wa baba, nikayasikia maneno hayo vizuri, nikatikisa kichwa kukubali. Mimi niliyelimishwa ntumba tangu darasa la pili! Watoto wawili wa mkulima tulikaa chumba kimoja tukisubiri mvua ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka mvua ya kwanza ni ya nini. Mji umetula akili. Teodori ninamlaumu, lakini na mimi nimo.

Mvua ilinyesha Jumanne, mwezi wa kumi na moja, ikanyesha na Jumatano. Alhamisi Teodori alifika Msanzi. Hewa ilikuwa safi kama alivyotaka, milima ya upande wa Zambia ikionekana mstari kwa mstari. Mteremko wa baba ulikuwa umesawazishwa wote. Baba mdogo Ignasi alikuwa ameita ndugu na majirani, na kwa kuwa kaka yake ni mgonjwa, walianza na shamba lake kabla ya yao. Siku mbili, chini ya mvua, walitawanya ntumba zote na kumwaga mbegu za ulezi.

"Tumemfanyia kaka," baba mdogo alimwambia akimpa kibuyu cha pombe. "Mwambie asiwe na wasiwasi."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Teodori alishukuru, akanywa, akasimamisha tripodi akapiga picha ya udongo mtupu.

Jioni alimpigia Edwin simu, mimi nikiwa pembeni. Edwin akasema, "Mshikaji, kwa picha ya ukutani, hata mita moja na nusu, hiyo DSLR yako ingetosha kabisa. Mbona hukupiga mwezi wa sita?" Teodori akakata simu.

Nilimsihi asiioneshe. Akasema baba anaiulizia kila siku, na ni kweli alikuwa anaiulizia. Aliisafisha Mbeya, mita moja na nusu, tukaibandika mbele ya kitanda. Baba aliitazama kwa muda mrefu.

"Ntumba ziko wapi?"

"Mvua imenyesha, baba," nilimwambia. "Baba mdogo na wenzake wamezitawanya. Ulezi umeshapandwa."

"Mvua gani, na Pasaka bado?"

Teodori alipiga magoti kando ya kitanda. "Ulilima, baba. Ulilima mteremko wote, ukamaliza. Nakuapia."

"Usinidanganye, mwanangu. Picha yako ni nzuri. Naona mpaka changarawe." Machozi yalimtoka jicho moja, lile lililokuwa bado linafanya kazi. "Ntumba hata moja hakuna. Nilidhani nimelima."

Akatuomba msamaha. Siku tisa zilizofuata aliomba jembe, na asipopewa, mkono mzima ulikusanya shuka na kulirundika kifuani, rundo moja, kisha lingine. Teodori aliibandua picha siku ya pili. Haikusaidia, baba alikuwa ameshaiona.

Siku ya kumi alifariki. Tulimzika Msanzi, kando ya mteremko ule, na ilibidi waombolezaji wapite kwa safu moja ili wasikanyage, maana ulezi ulikuwa umeota shamba zima. Baba yetu alikufa akiamini ametuachia njaa.