Mwenye Nyumba wa Zamani na Bomba la Jikoni

Serikali ilipotaifisha nyumba tuliyopanga pale Lushoto, tuliambiwa kitu kikiharibika twende ofisi ya serikali ya nyumba. Haukupita muda, bomba la jikoni likapasuka. Ofisini wakasema fundi atatoka Tanga. Hakuja. Aliyekuja ni yule mzee aliyekuwa mwenye nyumba, spana mkononi.

"Shikamoo," nilimwamkia, nikiwa nimeziba mlango.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia maji yanamwagika."

Sikumwamini. Mtu amenyang'anywa nyumba, halafu aje kuitengeneza bure? Nilihisi anataka kuipeleleza, au kung'oa vyuma vyake akauze Mombo. Nikamwambia tunamsubiri fundi wa serikali. Akaondoka na spana yake.

Masika yote nilikinga maji kwa sufuria. Ukuta ukaota ukungu, mtoto akawa hakomi kukohoa. Mwishowe mume wangu akachoka, akaenda mwenyewe kumwita yule mzee.

Mzee alipoinama chini ya sinki, nilivuta kigoda nikakaa ubavuni pake.

"Baba, nyumba si yako tena," nilisema. "Unatafuta nini humu?"

"Bomba hili nililifunga mimi," alijibu bila kugeuka. "Likivuja, nikipita hapo nje naona aibu."

Aliponinyooshea spana nimshikie, niliishika. Maji yakaacha kuvuja, naye akakataa hata chai. Alipoondoka nilipita chumba kwa chumba kutazama kilichopungua. Hakikupungua kitu, na bado moyo wangu haukutulia.