Miguu Mbele

Ukitaka kugombana na Tingatinga, mwambie "sukuma" tu, kisha ukae mbali na mkono wake.

Jina la Tingatinga walimpa wenzake wa hospitali, kwa jinsi alivyosukuma machela utadhani kuta ndizo zitakazompisha. Aliianza kazi hiyo bintiye, mtoto wake wa pekee, akiwa bado ananyonya. Mume alipoondoka bila kuaga, alizisukuma siku hivyo hivyo, leo kashiba, kesho kalalia maji. Akiuliza habari ya likizo, ofisini walimsukuma huku na huku mpaka akachoka kuuliza. Na sista mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa na wimbo wake mmoja: "Nyie watu bila kusukumwa hamwendi!"

Asubuhi ile bintiye aliletwa na uchungu. Tingatinga akaomba akae naye.

"Kazi yako kusukuma, si kuzalisha," sista mkuu alimwambia. "Mitungi ya oksijeni iko stoo inakusubiri."

"Sista, huyu ni mwanangu. Sina mwingine."

"Na hao wengine si wana wa watu? Nenda mama, tutakuita."

Akaenda, masikio yakimwaka moto kwa hasira. Alipofika mlangoni alimsikia binti akilia, na sista akimfokea: "Sukuma! Sukuma bwana, hukuja kulala hapa!" Tingatinga alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote, tena kutoka kwa watu walioketi, lakini siku hiyo ndiyo aliyolichukia kabisa. Njia nzima ya stoo alimtukana sista kimoyomoyo, tusi moja kwa kila kigae cha sakafu, na vigae vilikuwa vingi.

Sasa, wasukuma machela wa hospitali ile walikuwa na desturi yao. Mgonjwa hutangulizwa miguu, aone anakopelekwa. Maiti hutangulizwa kichwa. Machela ikija kichwa mbele, kila msukumaji aliyepo kwenye korido husimama na kuvua kofia, hata awe na haraka ya kufa mtu.

Alikuwa anarudi na kigari cha mitungi alipowaona wenzake wawili wamesimama, kofia mkononi. Akageuka kutazama. Machela ilikuwa inatoka wodi ya wazazi, kichwa mbele, na nywele zile alizisuka yeye mwenyewe jana yake. Anayesukuma alikuwa sista mkuu.

"Pole, dada yangu," mmoja wa wenzake, mzee wa zamu, akamwambia kwa sauti ya chini.

Kigari kikamtoka mikononi, kikagonga ukuta. Tingatinga hakulia, alinguruma.

"Mmemuua! Nilikuomba nikae naye, ukanituma mitungi! Mmeniulia mwanangu!"

Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi wakainuka. Alimwendea sista mkono ukiwa juu, na angempiga, haki ya Mungu angempiga.

"Mama," sauti ikatoka kwenye machela. "Utamwamsha."

Binti alikuwa amelala kiubavu, macho yamemvimba kwa kulia. Kifuani pake, ndani ya shuka, palikuwa na kichwa kidogo kisicho na habari na mtu.

"Una wazimu?" sista mkuu alisema akihema. "Nampeleka wodi ya juu akapumzike. Msukumaji nimemtafuta, sikumpata."

"Msukumaji ulimtuma stoo! Na mwanangu unamtoa kichwa mbele!"

"Kwani machela ina mbele na nyuma?"

Mzee wa zamu alivaa kofia yake, akatazama chini. Tingatinga akashika chuma cha machela aigeuze. Mikono aliyoitegemea miaka yote ikakataa. Akabaki ameegemea chuma kile, hasira tele, nguvu hana.

"Geuza," alimwambia sista.

"Mimi?"

"Wewe. Umemtoa kama maiti, mpeleke kama mtu."

Korido nzima ilikuwa inawatazama. Sista mkuu akageuza. Gurudumu moja likakwama, akalipiga teke, likakubali. Binti akaenda miguu mbele, na Tingatinga akatembea kando yake, amekishika kidole gumba cha mguu wa mwanawe. Kilikuwa na joto.

Walipofika kwenye mwinuko wa kupandia wodi ya juu, sista akasimama, jasho likimtiririka, akatazama nyuma kama kuna wa kumsaidia. Hakuna aliyesogea.

"Sukuma," Tingatinga akamwambia.